KIPANYA CHA PILI KWENYE KOMPYUTA YA KIKUNDI



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya daftari la kikundi: tarehe upande wa kushoto, jina la mwanachama katikati, fedha upande wa kulia. Baada ya hapo baadhi yenu mliniambia kwamba vikundi vyenu sasa vina kompyuta, na daftari limebaki kabatini. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta. Lakini hatutazungumza juu ya kompyuta nzima. Tutazungumza juu ya kitu kimoja kidogo kinachoenea kiganjani. Kitu hicho ni kipanya.

Kipanya ni nini? Kompyuta ya mezani ina sehemu nne unazoweza kuziona. Kuna sanduku, ambamo kazi yenyewe hufanyika. Kuna kioo, kinachofanana na televisheni. Kuna kibodi, yaani ubao wenye vitufe vya herufi na tarakimu. Na kuna kipanya. Kipanya hushikwa kwa mkono na kusukumwa juu ya meza. Ukikisukuma kwenda kulia, mshale mdogo ulio kwenye kioo nao unakwenda kulia. Ukikisukuma mbele, mshale unapanda juu. Mshale huo ndio kidole chako ndani ya kompyuta. Ukitaka kuonyesha jina la mtu, unapeleka mshale kwenye jina hilo. Ukitaka kulichagua, unabonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya.

Wataalamu wengine wa lugha wanakiita puku. Puku ni panya mkubwa wa porini. Mimi ni bwana shamba, na kwa karibu miaka 20 nimewafundisha watu kupigana na panya wa ghalani na panya wa shambani. Kwa hiyo nashika jina la kipanya, maana ni kidogo na hakili mahindi. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina hilo pia kwa zile daladala ndogo zilizokuwa zikijaza watu mpaka mlangoni. Hizo leo hatuzizungumzii.

Kwa nini kimoja hakitoshi

Ninafanya kazi katika kata moja ya pembezoni mwa Temeke. Huku kwetu nyumba zinazidi kuongezeka na mashamba yanazidi kupungua. Hata hivyo watu bado wanalima. Wanalima mchicha, matembele, bamia na majani ya kunde mabondeni, hasa kwa kufuata Mto Kizinga. Mboga hizo zinakwenda Mbagala Rangi Tatu, soko la Temeke Stereo na Kariakoo. Wenzetu wa Kinondoni, upande wa Bunju na Mabwepande, nao wana vikundi kama vyetu.

Vikundi vingi huuza pamoja. Kila mwanachama anahesabiwa matuta aliyotoa, na mwisho wa mwezi analipwa. Pia kikundi kinachotaka mkopo wa halmashauri kinatakiwa kiwe na kumbukumbu zinazoeleweka. Mikopo hiyo ni ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Ndiyo maana vikundi vingi vimenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, wakaweka hesabu humo.

Kompyuta hiyo ina kioo kimoja, kibodi moja na kipanya kimoja. Anayeshika kipanya ni katibu. Mara nyingi katibu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na vidole vyake ni vyepesi. Anateremsha ukurasa haraka. Anafungua hapa, anafunga pale. Wenzake 20 wamesimama nyuma yake. Wao ndio wenye mali, lakini wanasoma kile tu ambacho katibu ameamua wakisome, na kwa mwendo alioutaka yeye.

Nitawapa mfano wa kikundi kimoja ninachokitembelea. Kina wanachama 22. Zaidi ya nusu ni akina mama, na kadhaa kati yao wamejifunza kusoma wakiwa watu wazima, kama wengi wenu mnaosoma gazeti hili. Siku ya mkutano wa mwisho wa mwezi kompyuta huwekwa juu ya meza chini ya mwembe, kando ya nyumba ya mwenyekiti. Waya wa umeme hupitishwa dirishani. Katibu hukaa mbele.

Katika mkutano mmoja, mama mmoja mtu mzima aliona jina lake likipita. Mbele ya jina aliona 24,000. Yeye alikumbuka vizuri kuwa alitoa matuta 14 ya mchicha, na kila tuta liliuzwa shilingi 3,000.

– Mwanangu, hebu rudi juu kidogo, alisema.

Katibu akarudisha ukurasa.

– Hapana, umepita. Shuka.

– Hapa, mama?

– Si hapo. Chini ya huyo. Hapana, huyo mwingine.

– Samahani mama, majina yanayofanana na lako hapa yako manne. Lipi?

Katibu hakusema vibaya. Lakini watu wengine walicheka. Mama akatazama chini, akasema, “Basi baba, endeleeni.”

Sasa wewe msomaji piga hesabu. Matuta 14 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 42,000. Kwenye kioo palikuwa na shilingi 24,000. Shilingi 18,000 zilikuwa zinapotea. Hazikupotea kwa wizi. Vidole vya katibu vilitanguliza 2 mahali pa 4, jambo ambalo humpata kila mtu anayechapa tarakimu nyingi jioni akiwa amechoka. Mama aliliona kosa hilo kwa macho yake mwenyewe. Alichokosa ni njia ya kulionyesha.

Mweka hazina wa kikundi hicho naye ni mwanamke, na hana mzaha na fedha. Baada ya mkutano alimwita yule mama, wakakaa na katibu, wakalipata kosa. Mkutano uliofuata walikuja na kipanya cha pili. Waya wake ulifika mpaka kwenye benchi la mbele. Mama akakaa hapo, akakisukuma mwenyewe. Mshale ulikwenda pembeni, ukarudi, ukapotea juu ya kioo, ukarudi tena. Ilichukua muda wa kutosha kumenya chungwa na kulimaliza. Hakuna aliyemharakisha. Akafika kwenye jina lake, akasoma kwa sauti: elfu arobaini na mbili.

Akina mama wengine wawili nao wakakiomba kipanya siku ile ile. Mmoja wao alikuta ameandikiwa matuta mawili ambayo hakuyatoa. Alisema, nayo yakaondolewa.

Kilikotoka kitu hiki

Kipanya si kitu cha jana. Kilitengenezwa Marekani mwaka 1964. Mwenye wazo alikuwa Douglas Engelbart, na aliyekiunda alikuwa mhandisi mwenzake aitwaye Bill English. Kipanya cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Waya wake ulionekana kama mkia, ndipo kikaitwa panya.

Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya watu katika ukumbi mmoja mjini San Francisco. Wakati huo hapa kwetu Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Jambo ninalotaka mlijue ni hili. Siku hiyo ya kwanza kabisa Engelbart hakuonyesha mshale mmoja tu. Mwenzake, Bill Paxton, alikuwa katika mji mwingine, Menlo Park, umbali wa kama kilomita 50. Ni mbali kidogo kuliko kutoka mjini Dar es Salaam mpaka Kibaha. Wote wawili walikuwa wanatazama kazi moja kwenye vioo vyao, na kila mmoja alikuwa na mshale wake. Lakini mishale hiyo haikuwa na nguvu sawa. Wa Engelbart uliweza kubadili maandishi. Wa Paxton uliweza kuonyesha tu. Engelbart alilieleza jambo hilo wazi mbele ya watu, tena kwa utani.

Kwa hiyo swali la nani aandike na nani aonyeshe lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Katika kikundi chenu nalo lipo, hata kama hamjalitamka.

Sisi Tanzania tuna historia yetu na kompyuta. Ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu zilizowekwa kwenye kompyuta zikaleta matatizo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo imekwisha zamani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa programu za kuandikia na kupigia hesabu zenye maneno ya Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Tangu hapo hakuna wa kutuambia kwamba kompyuta haisemi Kiswahili. Ninawakumbusha habari ya 1974 kwa sababu wazee wengine bado wanaiogopa kompyuta inapohusu fedha. Hofu hiyo ina sababu. Dawa yake ni kuhakikisha macho na mikono ya watu wengi inafika kwenye hesabu.

Namna ya kukifunga

Sasa tuje kwenye kazi. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko kufunga bomba la kupulizia dawa.

Kwanza nunueni kipanya chenye waya. Kipanya cha kawaida hakifikii bei ya kuku wa kienyeji. Vipo pia vipanya visivyo na waya. Mimi sivipendi kwa kazi ya kikundi. Vinataka betri, na vina kidude kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kidude hicho kikianguka kwenye majani ya mwembe, kipanya chote hakina kazi tena.

Tazameni kichwa cha waya kabla ya kulipa. Kiwe bapa, cha aina ile ile ya flashi. Hicho ndicho kinachoitwa USB. Kompyuta za zamani sana zina pia matundu mawili ya mviringo nyuma ya sanduku: la kijani ni la kipanya, la zambarau ni la kibodi. Kama kipanya chenu cha kwanza kimechomekwa kwenye tundu la kijani, kiacheni hapo hapo. Cha pili kichomekeni kwenye tundu la flashi. Lakini angalieni: kichwa cha mviringo kisichomekwe wala kuchomolewa wakati kompyuta inawaka. Zimeni kwanza. Kichwa bapa kinaweza kuchomekwa hata kompyuta ikiwa inafanya kazi.

Chomekeni. Ngojeni kidogo, kama muda wa kuhesabu mpaka 20. Kompyuta inatambua yenyewe kwamba imepata mgeni. Kwa kawaida haidai programu yoyote, wala fundi, wala intaneti. Sukumeni kipanya cha kwanza, mshale utakwenda. Sukumeni cha pili, mshale ule ule utakwenda. Kazi imekwisha.

Kama mshale hauendi, geuzeni kipanya mtazame tumboni. Vipanya vingi vya siku hizi vina taa nyekundu chini. Taa ikiwaka, umeme unafika, na huenda tatizo ni meza. Kipanya cha taa hakipendi kioo wala meza inayong'aa sana. Wekeni kipande cha boksi au jalada la daftari chini yake. Taa isipowaka, hamishieni kichwa kwenye tundu jingine. Matundu ya mbele ya sanduku huwa yamelegea kwa sababu flashi huchomekwa hapo kila siku. Jaribuni ya nyuma. Ikishindikana bado, kijaribuni kwenye kompyuta ya jirani kabla hamjamlaumu aliyewauzia.

Matundu yakiwa machache, kuna kifaa chenye matundu manne kinachotumika kama ekstensheni ya umeme: kichwa kimoja kinaingia kwenye kompyuta, nyinyi mnapata matundu manne. Na waya wa kipanya ukiwa mfupi, kuna waya wa kuuongeza urefu. Msiufanye wote uzidi mita 3. Ukizidi sana, kipanya huanza kukatika-katika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vikundi vingi havilijui. Mshale wa kawaida ni mdogo mno kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma. Katika mfumo wa Windows, ambao ndio uko kwenye kompyuta nyingi, unaweza kuukuza mshale na kuubadili rangi. Fungua mipangilio, pale penye alama ya gurudumu la meno, utafute sehemu ya kuwasaidia watumiaji, halafu mahali penye mshale. Mkuze mpaka mtu wa mwisho auone. Kwenye mipangilio ya kipanya kuna pia kisanduku ambacho ukikitia alama, basi kila unapobonyeza kitufe chenye herufi CTRL, duara linatokea kuuzunguka mshale. Mtu anayejifunza akiupoteza mshale wake, abonyeze hicho tu. Hana haja ya kumwuliza katibu.

Mikono miwili, mshale mmoja

Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo ninataka msome polepole.

Mkichomeka vipanya viwili kwenye kompyuta ya kawaida, hampati mishale miwili. Mnapata mshale mmoja wenye mikono miwili. Katibu akivuta kulia na mweka hazina akivuta kushoto, mshale unatetemeka katikati kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Tena kompyuta haijui nani ni katibu na nani ni mwanachama. Vipanya vyote vina nguvu sawa. Kitufe cha kipanya cha pili kinaweza kufuta mstari sawasawa na kile cha kwanza.

Kwa hiyo ni lazima mkubaliane kabla ya mkutano. Kikundi nilichokitaja kina utaratibu huu, nami nauona mzuri. Mwenye kipanya cha pili akitaka kuonyesha kitu, anasema, “Naomba mshale.” Katibu anauinua mkono wake kutoka kwenye kipanya, wote wauone uko juu. Mwenye kipanya cha pili anaonyesha, lakini habonyezi. Kama kuna cha kusahihisha, anayeandika ni katibu, na mweka hazina anasoma kwa sauti kile kilichoandikwa. Utaratibu huu unafanana na ule wa 1968: mmoja anaandika, mwingine anaonyesha. Tofauti ni kwamba wao waliufunga ndani ya mtambo, na nyinyi mnaufunga kwa maneno yenu.

Kwa usalama zaidi, kabla ya mkutano kuanza katibu aweke nakala ya hesabu kwenye flashi, na flashi hiyo ishikwe na mweka hazina. Mtu akibonyeza kwa bahati mbaya mstari ukafutika, nakala ipo. Na lile daftari la kabatini litoeni. Tarakimu iliyokwisha kusahihishwa kwenye kompyuta haiachi alama ya kufutwa kwa kalamu. Daftari linaacha.

Wengine wataniuliza: Je, haiwezekani kila mtu kuwa na mshale wake? Inawezekana. Katika mfumo wa Linux, ile sehemu inayochora picha kwenye kioo, iitwayo X, ilianza kukubali mishale mingi mwaka 2009. Fundi anaandika amri ya kuzaa mshale wa pili, halafu amri nyingine ya kukikabidhi kipanya cha pili mshale huo. Mishale miwili inatembea pamoja kwenye kioo kimoja. Lakini kompyuta ikizimwa, mpango huo unapotea, fundi aanze tena. Na programu nyingi ziliandikwa kwa kumfikiria mtu mmoja, kwa hiyo huchanganyikiwa zinapobonyezwa na wawili. Kwa kikundi cha mchicha siwashauri. Umeme wenyewe unakatika kabla hamjamaliza agenda ya pili.

Kule India watafiti wa Microsoft waliliona jambo linalofanana na letu, ila wao waliliona shuleni. Watoto walikuwa wanabanana kwenye kompyuta moja, na kipanya kilikuwa mikononi mwa mmoja, mara nyingi yule mkubwa au mwenye nguvu kuliko wenzake. Wengine walikuwa watazamaji. Mwaka 2006 waliandika juu ya majaribio yao ya kufunga vipanya vingi kwenye kompyuta moja, kila mtoto na mshale wa rangi yake. Ilibidi michezo na masomo yaandikwe upya kwa ajili hiyo. Lakini walichokiona kabla ya majaribio ndicho ninachokiona mimi chini ya mwembe. Tofauti ni kwamba kwetu waliosimama nyuma ni watu wenye wajukuu.

Wengine wanaofaidika

Kipanya cha pili si cha mkutano tu. Darasa la kisomo likiwa na kompyuta, mwalimu ashike kimoja na mwanafunzi ashike kingine. Mwalimu anaweza kuonyesha herufi bila kumnyang'anya mwanafunzi chombo. Mtu mzima akinyang'anywa chombo mara tatu, mara ya nne haji darasani. Hilo walimu wa kisomo wanalijua tangu mwaka 1970, ule uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Mtu wa mashoto naye apewe kipanya chake, kikae upande wa kushoto wa kibodi. Asihangaike kubadilisha vitufe kwenye mipangilio, kwa sababu katika Windows mkibadilisha vitufe vya kimoja, vya kingine navyo vinabadilika, na katibu atafika kesho akute kitufe chake cha kushoto kinafanya kazi ya kulia. Mtu wa mashoto abonyeze tu kwa kidole cha kati. Atazoea kwa siku mbili. Lakini achague kipanya kilichonyooka pande zote mbili. Vingine vimepinda kwa ajili ya mkono wa kulia tu.

Na yuko mwanachama ambaye mkono wake hauna nguvu, au unatetemeka, labda kwa ugonjwa au kwa ajali ya bodaboda. Kwa huyo kuna aina nyingine, kipanya cha gololi. Chenyewe hakisukumwi. Kinakaa mahali pamoja, na juu yake kuna gololi kubwa inayozungushwa kwa vidole. Ni ghali kuliko kipanya cha kawaida na hakipatikani kila duka, hata Kariakoo ni kuulizia. Lakini kinafungwa vile vile, kwa kichwa kile kile bapa, na kinaweza kukaa pamoja na kipanya cha katibu bila kugombana. Kikundi cha watu wenye ulemavu kinachoomba ile asilimia 2 kingefaa kukiweka katika orodha ya mahitaji yake.

Ndugu mmoja wa Bunju aliniuliza kama kompyuta ya mapajani nayo inakubali. Inakubali. Ile ina kibao laini cha kupapasa kwa kidole, nacho ni kama kipanya cha kwanza. Ukichomeka kipanya cha waya, kibao kinaendelea kufanya kazi. Kisipoendelea, kuna mahali kwenye mipangilio pa kuamuru kibaki macho hata kipanya kikichomekwa.

Mwisho ni utunzaji. Mkutano ukimalizika, chomoeni kipanya cha pili, kunjeni waya taratibu bila kuubana kwenye shingo, mkitie kwenye kopo lenye mfuniko. Mweka hazina akae nacho. Kopo ni la lazima. Panya wale wa kweli wanapenda kutafuna waya, na kompyuta iliyowekwa chumba kimoja na magunia ya pumba itakuwa na wageni kila usiku.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Nyanya za mabondeni zimeanza kushambuliwa na kantangaze, na wengi mnapuliza dawa isiyofaa. Mwenye swali amwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yake.